Yolande na Mashine ya Pumzi

Miguu ya Maman Yolande huanza kuvimba saa nne ya asubuhi. Ikifika saa nane mchana, viatu vya plastiki vinamkaba mpaka anavivua, anatembea na soksi juu ya sakafu ileile aliyotoka kuipangusa. Hakuna anayemwuliza. Nani amwulize? Ni mwaka wa kumi na nne huu anafua mashuka, anamwaga ndoo na kupangusa damu katika chumba cha dharura cha hospitali moja ya Bukavu. Jina lake tuliache, maana hospitali za huku zinafanana kama watoto wa tumbo moja: ngazi nyingi, dawa chache.

Na ngazi si mchezo. Bukavu ni mji uliotundikwa mlimani. Mgonjwa wa Cimpunda anashushwa mgongoni mwa kaka yake, anateleza kwenye matope mpaka barabara. Wa Bagira anakuja juu ya pikipiki, amebanwa katikati ya watu wawili kama gunia la makaa, kichwa kinaning'inia. Ambulansi? Iko moja. Siku ikiwa na mafuta haina dereva, siku ikiwa na dereva haina mafuta. Basi watu wanafika wamechelewa, baada ya kupitia duka la dawa, kwa mwenye mizizi, chumba cha maombi na kituo cha afya. Hospitali ndiyo kituo cha mwisho, na wakiingia tu wanakutana na ile mashine.

Ni sanduku la rangi ya majivu, kubwa kama begi la mwanafunzi wa bweni, lenye magurudumu manne na mrija mrefu wa plastiki. Linavuta hewa ya chumbani, linaichuja, linatoa oksijeni, na oksijeni inapita kwenye mrija mpaka ndani ya pua ya mgonjwa. Zilikuwa mbili. Moja ilikufa zamani, imefunikwa kitenge pale pembeni utadhani maiti. Iliyobaki inakoroma mchana kutwa.

Watu wa mlimani wanasema hiyo mashine inaua. Wanasema aliyetiwa mrija Jumatatu hafiki Dimanche ya misa. Msiwacheke, jamani, wao wamehesabu. Mashine ikiwa moja na wagonjwa kumi, atapewa nani? Aliyezidiwa kuliko wote. Na aliyezidiwa kuliko wote, mara nyingi anakwenda. Kwa hiyo watu wameona mrija ukiingia, wameona mtu akitoka amefunikwa shuka, wakajumlisha. Yolande husema ni kama padri na mafuta yake matakatifu: anaitwa mtu akiwa mahututi, halafu watu wanamkimbia padri wakidhani ni yeye anayeleta kifo.

Daktari Ulrich, kijana wa watu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, yeye huwaeleza kwa hesabu ya oksijeni iliyomo damuni. "Saturation iko soixante-dix-huit," anawaambia wamama waliotoka Kabare na jembe bado lina udongo. Sabini na nane ya Kifaransa! Nani anakula hiyo? Wanamtazama tu. Ndipo anapogeuka na kuita: "Maman Yolande, kuya usemeshe hawa batu."

Yolande anaacha ndoo. Anaketi nao kwenye benchi, anasema nao Mashi, lugha ya kwao, anawauliza wametoka kilima gani, ni watoto wa nani. Wakishapata jina moja wanalolijua wote, hata kama ni la marehemu, ndipo anawaambia: hii kitu haiuake mutu, ni pumzi tu. Katika familia kumi, saba zinakubali. Tatu zinakataa, na Yolande ndiye anayekuja kutoa mashuka yao. Amechoka. Si miguu peke yake, ni maneno yaleyale kila siku ya Mungu, kama mtu anayetwanga maji kwenye kinu. Na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza: wewe maman wa ndoo, unajua wapi kama haiui?

Nitawaambia mimi.

Miaka kumi na tisa iliyopita Yolande alikuwa mke wa Bruno, fundi wa mbao, mtu wa Mudaka. Bruno alishikwa na kifua. Alilazwa hospitali nyingine, wakati ule oksijeni ilikuwa inatoka kwenye chupa kubwa ya chuma, na mgonjwa anavalishwa kifuniko usoni. Siku ya kwanza alikuwa hajui mtu. Siku ya pili asubuhi alifungua macho, akaomba uji. Yolande aliufanya ule uji akilia kwa furaha. Halafu mama mkwe, Koko Nabintu, akafika kutoka Mudaka na termosi mkononi. Akamwona mwanawe na kile kifuniko. Kitanda cha pili kilikuwa kitupu. Aliyelala pale alikuwa amevalishwa kifuniko vilevile, na walikuwa wametoka kumbeba maiti.

"Toa ile kitu," mama mkwe akanong'ona. "Batamumaliza mwana wangu kama ule."

Infirmiye, muuguzi wa zamu, alikuwa ametoka kufuata dawa. Yolande alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, na mama mkwe ni mama mkwe. Akatoa kifuniko, akafunga robine ya chupa. Bruno alihangaika muda usiofika saa moja. Alipokata roho, wale wanawake wawili walitazamana, na Yolande akamrudishia kifuniko usoni, akafungua robine, ili infirmiye asione. Kwa hiyo infirmiye aliporudi, alimkuta Bruno amekufa na oksijeni usoni. Na ndivyo ilivyotangazwa matangani: Bruno ameuawa na oksijeni.

Yolande na Koko Nabintu hawakulisema jambo hilo tena. Hata siku moja, hata wakiwa wawili shambani. Lakini wakati wajomba wa Bruno walipotaka kumfukuza mjane, kama wanavyofukuzwa wajane wengi, ni Koko Nabintu aliyesimama katikati ya uwanja na kusema: "Huyu ni muke wa mwana wangu. Shamba lake liko pale, na mutu asiguse." Ilikuwa huruma au ilikuwa woga? Yolande hajui mpaka leo. Anachojua ni kwamba kila Jumamosi anapanda gari la Kavumu, anashuka Mudaka, analima maharagwe na mihogo yake, na anaitwa Maman Cédric na kila mtoto wa njia ile. Cédric, mwanawe, yuko Uvira anatafuta maisha. Mjini Yolande ni mama wa ndoo. Mudaka ni mtu.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Ilikuwa siku ya Jumanne, mvua imetoka kunyesha, saa nane na nusu mchana. Pikipiki iliingia mpaka mlangoni, na Yolande alikuwa tayari amefungua mdomo kumfokea mwenye moto, dereva wa pikipiki, kwa kumletea matope, alipomtambua aliyekaa nyuma. Alikuwa Mushagalusa, mdogo wa Bruno, shemeji yake. Katikati alikuwa amembeba binti yake Gloire, wa miaka kumi na tano, amefungwa kitenge mgongoni mwa mwenye moto asianguke. Pikipiki ya pili ikaleta Koko Nabintu, na rozari shingoni.

Gloire alikuwa na siku sita za kikohozi na homa. Kucha zake zilikuwa na rangi ya wino. Alikuwa anavuta pumzi kwa shingo, kwa mabega, kwa mbavu, kwa kila kitu alicho nacho. Daktari Ulrich alimbana kidole na kile kipimo kidogo, akasoma, na hakusema namba kwa sauti. Alisema tu: "Mashine, upesi."

"Mashine gani?" Mushagalusa akauliza.

Alipouona mrija akasimama mbele ya kitanda, akatanua mikono. "Ile hapana. Munitilie maji ya serum, munitilie sindano, yote munayotaka. Ile hapana."

Daktari alieleza. Mushagalusa alitikisa kichwa. Daktari alieleza tena kwa sauti ya juu, akataja namba zake. Halafu akageuka, na Yolande alijua atasema nini kabla hajasema.

"Maman Yolande, kuya usemeshe hawa batu."

Nyamuzinda, Mungu wangu! Yolande aliona ukuta unamjia. Akasogea na soksi zake zilizolowa.

"Shemeji," akasema, "ile kitu haiuake mutu. Mimi ninaionaka kila siku. Ni pumzi tu."

Mushagalusa alimtazama kwa upole. Hilo ndilo lililomwumiza kuliko yote, ule upole. "Maman Cédric, mimi nakuheshimu. Lakini sisi mu famiye yetu, oksijeni ilikula mutu. Ilikula kaka yangu. Na wewe ulikuwa pale, ulimushika mukono mpaka mwisho. Leo unataka niipatie mutoto wangu pia?"

Koko Nabintu alikuwa ameketi kwenye benchi, uso umeinama, vidole vinahesabu punje za rozari.

"Kuna robo saa," daktari akamwambia Yolande kwa sauti ya chini. "Pengine hata hiyo haiko."

Robo saa. Yolande alitaka kusema maneno yake ya kila siku: padri, mafuta matakatifu, mama mmoja wa Lwiro aliyetiwa mrija akarudi nyumbani kwa miguu yake. Aliyasema. Yaligonga kifuani pa Mushagalusa yakaanguka chini. Kwa kila jambo jibu lilikuwa moja: Bruno. Na wapi angepata jibu la Bruno, wakati jibu la Bruno alilikalia mwenyewe miaka kumi na tisa?

Gloire alitoa sauti. Haikuwa kulia, hakuwa na hewa ya kulia. Alikuwa anamtafuta baba yake kwa mkono, na mkono ulikuwa haupati kitu.

Kwetu wanasema neno haliozi. Unaweza kulifukia, likalala miaka, siku yake ikifika linatoka zima na meno yote. Yolande aliona shamba lake la Mudaka. Aliona Jumamosi zake. Akaona aibu kwamba anafikiria maharagwe wakati mtoto anakufa mbele yake, na akakasirika, akajikasirikia yeye, na hospitali, na mashine iliyofunikwa kitenge, na ule mlima mzima.

"Mushagalusa, nisikilize," akasema. Hakumwita shemeji. "Bruno hakukufa na oksijeni. Bruno alikufa juu ya mimi niliitoa."

Mzee wa kitanda cha tatu aliacha kuguna, akainua kichwa.

"Unasema nini?"

"Alikuwa anapona. Aliniomba uji. Mimi nikatoa kile kifuniko, nikafunga robine, nikisema ninamuokoa. Akakufa mbele yangu. Alipokwisha kukufa njo nikamurudishia, infirmiye asione. Oksijeni haikumuua. Ni kukosa oksijeni njo kulimuua. Na sasa unataka kumufanyia Gloire vilevile kama mimi nilimufanyia kaka yako."

Mushagalusa alimsogelea. Alikuwa mtu mkubwa, mlimaji, mikono mizito. Mkono mmoja ulipanda, na Yolande hakukwepa. Mkono ukabaki hewani.

"Nani alikuambia uitoe?"

Hapo Yolande alitazama benchi. Alitazama mara moja tu. Koko Nabintu alikuwa ameacha kuhesabu, ameibana rozari ndani ya ngumi, macho chini. Mama wa miaka themanini na kitu, aliyezika watoto wanne. Wakimfukuza huyu, ataenda wapi?

"Hakuna mutu," Yolande akasema. "Ilikuwa akili yangu."

Mushagalusa alishusha mkono. Akaondoka mbele ya kitanda. "Docteur," akasema, "tia." Halafu, bila kumtazama Yolande: "Na wewe utoke mbele ya macho yangu."

Yolande alichukua ndoo yake akatoka. Alikaa kwenye ngazi za nje, maji machafu katikati ya miguu, na alilia kilio kibaya, cha kamasi, bila kujificha. Nyuma yake mashine ilianza kukoroma. Alisikia sauti ya daktari ikisoma namba zake kwa mwenzake: soixante-seize, sabini na sita. Baadaye quatre-vingt-deux, themanini na mbili. Muda ukapita, wauza mandazi wakapita, jua likatoka kidogo. Quatre-vingt-onze, tisini na moja. Ilikuwa mara ya kwanza Yolande kuona utamu wa zile namba.

Gloire alikaa na mrija siku tatu. Siku ya pili umeme ulikatika, kama kawaida yake, na mashine ikanyamaza. Mtu wa kwanza kutoka mbio kwenye korido alikuwa Mushagalusa, anapiga kelele mpaka madirisha yanatetemeka: "Muwashe groupe! Groupe! Mutoto atakufa bila oksijeni!" Wauguzi walicheka baadaye, walipopata nafasi ya kucheka. Yolande hakucheka. Alikuwa kule nyuma, anasaidiana na mlinzi kuvuta kamba ya jenereta, kiganja kimechubuka.

Kwa Yolande mwenyewe, Mushagalusa alikuwa amebadilisha jina. Hakumwita tena shemeji wala Maman Cédric. Alimwita madame, kama anavyomwita mtu wa benki. "Madame, shuka limelowa." "Madame, ndoo." Siku ya tatu alimkuta kwenye bomba la maji, akamwambia neno lake lote kwa mara moja: asipande gari la Kavumu Jumamosi. Asipande tena. Maharagwe yaliyoko shambani yatavunwa na wenye shamba. Cédric ni damu yao, mlango wake uko wazi. Yeye, hapana.

"Nimesikia," Yolande akasema.

Alitegemea kusikia maumivu makubwa, kumbe alisikia uchovu tu, ule wa kutamani kulala chini pale pale karibu na bomba. Alichokisikia baadaye, alipokuwa anakamua mashuka, ni hasira. Alimkasirikia yule bibi. Kila asubuhi alimpelekea chai na mkate, na kila asubuhi Koko Nabintu aliacha chai ipoe bila kuigusa, akageuzia uso ukutani. Mara moja walikutana kwenye korido, wawili tu. Bibi alisimama, akafungua mdomo. Halafu akaufunga, akapita na fimbo yake, tok, tok, tok. Miaka kumi na tisa Yolande amebeba mzigo wa watu wawili, na bado anaombwa aendelee! Alitupa shuka ndani ya beseni, maji yakamrukia mpaka usoni.

Siku ya sita, Dimanche, Gloire alitembea mwenyewe mpaka mlangoni. Amekonda, macho makubwa, anashika ukuta, lakini anatembea, na anamlalamikia baba yake juu ya viatu vibaya alivyomletea. Daktari Ulrich alimpima kidole mara ya mwisho na akatabasamu bila kusema namba. Pikipiki mbili zilikuwa tayari zinanguruma pale nje. Yolande alikuwa mwisho wa korido, anapangusa, na alikuwa ameamua kutoinua kichwa mpaka wapotee.

Gloire alipandishwa. Mushagalusa akamgeukia mama yake, akamnyooshea mkono ampandishe pikipiki ya pili.

Koko Nabintu hakuushika ule mkono. Alirudi nyuma hatua mbili, akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akaweka fimbo juu ya magoti.

"Mama, twende. Mvua itatukuta njiani."

"Umwambie azime ile moto," bibi akasema. "Na wewe ukae hapa."

"Kuna nini?"

"Ninasema kaa. Na umuite muke wa Bruno."

"Yule mwanamuke mimi siwezi..."

"Umuite!"

Sauti ile haikuwa ya bibi wa miaka themanini. Yolande mwenyewe aliisikia kule mwisho wa korido, na kabla hajaitwa akawa amesimama wima, kitambaa kinachuruzika maji juu ya soksi zake. Akasogea mpaka katikati ya korido, hakuweza kufika zaidi.

"Ulimuuliza nani alimuambia atoe ile kitu," Koko Nabintu akasema. Alikuwa anamtazama mwanawe machoni. "Akakujibu hakuna. Alikudanganya. Mukono ulikuwa wake, lakini mudomo ulikuwa wangu. Ni mimi nilimuambia toa. Kama ni kufukuza mutu Mudaka, uanze na mimi mama yako."

Mushagalusa alibaki amesimama, mkono bado umenyooshwa. Nje, mwenye moto alizima injini. Gloire akauliza kutoka juu ya pikipiki kuna nini.

Kisha Mushagalusa akaketi kwenye benchi, upande wa kushoto wa mama yake. Bibi akasogea kidogo, akapapasa ubao wa upande wa kulia kwa kiganja, akimtazama Yolande.

"Kuya ukae," akasema. "Miguu yako imevimba."